Gharama ya Kusema: Vijana, Simu na Maumivu ya Moyo



Mwaka 1935, katika mji wa Lincoln nchini Uingereza, kasisi kijana aitwaye Chad Varah aliongoza maziko ya msichana wa miaka 14. Msichana huyo alikuwa amejiua. Alivunja ungo, akaona damu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza hedhi ni nini, akaamini ameambukizwa ugonjwa wa zinaa. Aibu ikamzidi nguvu. Jibu alilolihitaji angeweza kulipata kwa mama, shangazi, muuguzi au mwalimu yeyote wa kike, tena kwa dakika mbili. Hakuthubutu kuuliza.

Msichana wa leo wa Temeke, Likoni au Micheweni mwenye hofu ileile ataazima simu ya dada yake, aandike maneno manne, na kabla usingizi haujampitia atakuwa amesoma kwamba damu hiyo ni ya kawaida na kwamba wenzake wote huipata. Ndiyo maana siko tayari kuanza mhadhara huu kwa kulaani simu. Kuna watoto ambao simu imewapa jibu tulilowanyima sisi, na wengine wako hai kwa sababu hiyo.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kuwa asilimia 44.3 walikuwa wamepitia tatizo la aina hiyo ndani ya mwaka mmoja, na asilimia 12.2 walikuwa na ugonjwa unaokidhi vigezo vya kitabibu. Katika darasa la wanafunzi hamsini, hao ni sita. Jiulizeni ninyi walimu: mwaka jana ni wangapi kati ya hao sita walibisha hodi ofisini kwenu?

Hawakubisha, na sababu yao ni ya maana. Kijana mwenye maumivu anapiga hesabu ambayo sisi watu wazima hatuioni. Anajiuliza: nikisema, nitapatwa na nini? Akimwambia mama kwamba hataki tena kuishi, huenda mama akalia, akampigia shangazi, na kufikia jioni habari iko kwenye kundi la familia la WhatsApp. Akimwambia baba, huenda akaulizwa amekosa nini wakati anakula na kulipiwa ada. Akimwambia kiongozi wa dini, huenda akaombewa mbele ya waumini wote, na kuanzia siku hiyo akajulikana kuwa ndiye mtoto mwenye pepo. Na katika shule nyingi nilizozifahamu nikifanya kazi ya unasihi, mwalimu wa malezi na unasihi ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Mkono ulioshika fimbo asubuhi unatarajiwa kupokea siri mchana.

Kuna pia tusi. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, na Mathari ya Nairobi mwaka 1910. Ni taasisi kongwe za afya ya akili zinazotibu watu kila siku. Lakini sokoni, kwenye daladala na hata darasani, majina hayo tumeyafanya maneno ya kumdhihaki mtu: huyu katoroka Mirembe, yule wa kupelekwa Mathari. Mtoto aliyekua akilisikia jina la hospitali kama tusi atawezaje kuliomba kama msaada?

Juu ya hayo yote ipo sheria. Tulirithi kutoka kwa Waingereza kanuni za adhabu zinazohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Waingereza wenyewe waliifuta sheria hiyo kwao mwaka 1961. Kenya iliendelea nayo hadi Januari 2025, pale Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo imekuwa na kifungu cha namna hiyo. Sitaki kulipita jambo hili haraka, kwa sababu vijana wanalijua kuliko mnavyodhani. Kijana aliyejaribu kujiua akanusurika anajua kwamba hospitali inaweza kuita polisi. Mwenzake aliyeshuhudia naye anajua. Halafu tunashangaa kwamba wote wawili wameamua kuiuliza simu.

Mkitaka kujua mtandao unawapa nini vijana, anzieni hapo. Si kwamba wanapenda kioo kuliko watu. Wanatafuta mahali ambapo kusema hakuna gharama.

Mahali hapo palikuwapo kwetu. Pwani, msichana aliyevunja ungo alipewa somo, au kungwi, mwanamke asiye mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kumfundisha habari za mwili na za ndoa na kumsikiliza. Uhusiano huo haukuisha siku ya unyago. Mwanamke aliyeolewa bado alimwendea somo wake na mambo ambayo asingeyatamka mbele ya mama mzazi. Wavulana nao walikuwa na watu wao jandoni. Katika jamii nyingi za bara, mjukuu alitaniana na bibi au babu, na ndani ya utani huo alipitisha maneno mazito ambayo baba angeyapokea kwa hasira. Siupambi wakati huo. Mengi yaliyofundishwa huko yalimwambia msichana avumilie asichopaswa kuvumilia, na kuna jamii ambamo mafunzo hayo yalikwenda pamoja na kukata miili ya watoto. Lakini walielewa jambo moja ambalo sisi tumelisahau: kijana anahitaji mtu mzima asiye mzazi wake, anayejulikana wazi kuwa kazi yake ni kusikiliza, na ambaye hatadhurika wala kuaibika kwa kile anachokisikia.

Watu walihamia mijini, bibi akabaki kijijini, shangazi akabanwa na kazi ya zamu, mtoto akapelekwa bweni akiwa na miaka kumi na mbili. Nafasi ya somo ikabaki wazi kwa miaka mingi, na tukadhani haina umuhimu kwa sababu hakuna mtoto aliyelalamika. Kisha simu zikashuka bei.

Sasa tutazame kinachotokea huko mtandaoni. Huwa ni usiku, wakati bando ni nafuu na nyumba imelala. Kijana anaanza na swali lililojificha: kwa nini silali, kwa nini moyo unaenda mbio, kwa nini nalia bila sababu. Akipata jibu lisilomtisha, anasogea hatua moja. Anaingia kwenye video ya mtu anayesimulia sonona yake. Anasoma maoni ya wengine chini yake. Baadaye anamwandikia mtu asiyemjua, na siku hizi anaiandikia programu ya akili mnemba inayomjibu kwa upole saa yoyote.

Kuna faida ya kweli hapa. Mwaka 2010 watafiti wa Austria walichapisha uchambuzi wa habari za magazeti na kukuta kwamba, pale magazeti yaliposimulia watu waliofikiria kujiua kisha wakapata njia nyingine ya kuvuka shida yao, vifo vya kujiua vilielekea kupungua baadaye. Kusoma habari za aliyevuka kunasaidia kuvuka. Kijana wa kijiji ambako hakuna aliyewahi kukiri kwamba amewahi kukata tamaa anaweza kumpata mtandaoni mtu wa Kisumu au Mbeya aliyepitia hayo akasimama tena, na hiyo ni dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliohojiwa na sura ya kompyuta walifunguka zaidi walipoamini kuwa nyuma yake hakuna binadamu anayewatazama. Tangu mwaka 1966 jambo hili linajulikana. Joseph Weizenbaum wa MIT alitengeneza programu ndogo aliyoiita ELIZA, iliyofanya kazi ya kugeuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia. Katibu wake, aliyeona programu hiyo ikitengenezwa na kujua kuwa haielewi chochote, alianza kuzungumza nayo na baada ya muda mfupi akamwomba Weizenbaum atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na aliandika juu ya mshtuko huo kwa miaka mingi. Mimi namwelewa yule katibu. Chombo kisichoweza kukudharau ni rahisi kukiambia ukweli.

Lakini gharama haikuondoka. Imefichwa tu, na mtoto haioni mpaka imemfika.

Novemba 2017 msichana wa London aitwaye Molly Russell alifariki akiwa na miaka 14. Uchunguzi rasmi wa kifo chake ulimalizika Septemba 2022. Ulibaini kwamba katika miezi sita ya mwisho wa maisha yake, kati ya vitu kama 16,300 alivyohifadhi, kuvipenda au kuvisambaza kwenye Instagram, vipatavyo 2,100 vilihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Pinterest ilikuwa ikimtumia barua pepe za kumpendekezea picha zaidi za sonona. Mchunguzi wa vifo, Andrew Walker, alihitimisha kuwa Molly alikufa kutokana na kitendo cha kujidhuru wakati akiugua sonona na kuathiriwa na maudhui ya mtandaoni. Muelewe jinsi mtambo unaochagua cha kumwonyesha mtumiaji ulivyofanya kazi, kwa sababu unafanya kazi vivyo hivyo katika simu za wanenu. Hupima macho yanasimama wapi na kwa muda gani, kisha huleta mengi ya aina hiyo. Mtoto mwenye huzuni husimama kwenye huzuni. Mtambo hauwezi kutofautisha kati ya anayetazama kwa kupenda na anayetazama kwa sababu kidonda chake kimeguswa. Kwa hiyo aliyekwenda kutafuta mtu wa kumwelewa anapewa huzuni juu ya huzuni hadi aone kuwa dunia nzima ndivyo ilivyo.

Siri nayo haiko salama kama inavyoonekana. Januari 2022 ilijulikana kwamba Crisis Text Line ya Marekani, huduma inayopokea ujumbe wa watu walio katika hatari, ilikuwa ikishirikisha kampuni ya kibiashara takwimu zilizotokana na mazungumzo hayo baada ya kuondoa majina. Iliacha baada ya watu kupiga kelele. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitaka BetterHelp, huduma ya unasihi mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja wake kwa kampuni za matangazo ilhali iliahidi kuzitunza. Hizo ni huduma zenye ofisi na wanasheria. Huku kwetu mtoto huangukia mikononi mwa yule anayejiita kaka, anayesikiliza kwa wiki tatu, kisha anaomba picha, na baada ya picha anaomba pesa ili asiitume shuleni. Wazazi mnaosikia kisa kama hiki, nawasihi msianze kwa kumuuliza binti kwa nini alituma. Yule mtu alimkuta anaumwa, na alikuwa wa kwanza kumuuliza anaendeleaje.

Na programu za akili mnemba? Oktoba 2024 mama mmoja wa Florida, Megan Garcia, aliishtaki kampuni ya Character.AI baada ya mwanawe wa miaka 14 kujiua, akidai kwamba mazungumzo marefu na mhusika wa kubuni ndani ya programu yalichangia. Agosti 2025 wazazi wa kijana wa miaka 16 wa California waliishtaki OpenAI, kampuni yenye programu ya ChatGPT, kwa madai yanayofanana na hayo. Baadaye mwaka huohuo Character.AI ilitangaza kuwazuia walio chini ya miaka 18 wasizungumze na wahusika wake bila mipaka. Nani alikuwa na hatia ni jambo la mahakama. Ninachoweza kusema kwa kazi yangu ni hiki: kijana aliyezama wakati mwingine anahitaji kukataliwa. Anahitaji mtu wa kumwambia hapana, hukumu hiyo unayojihukumu si kweli, nami nakuja sasa hivi. Programu inaweza kumweleza vizuri sonona ni nini, inaweza kumsaidia kupanga maneno ya kumwambia mama kesho, na hilo nalihesabu kuwa jema. Haiwezi kugundua kwamba hajala tangu juzi. Haiwezi kubisha mlango.

Msinielewe kwamba jibu ni kumpeleka kila mtoto kwa daktari bingwa. Tanzania ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 61 mwaka 2022, na madaktari wa afya ya akili tulio nao ni wachache mno. Hapa narudi kwa Chad Varah, kwa sababu kilichomtokea kina faida kwetu. Novemba 1953 alifungua huduma ya simu katika kanisa lake London, huduma iliyokuja kuitwa Samaritans. Alidhani watu watakuja kwa ushauri wake. Walikuwapo watu wa kujitolea waliopika chai na kukaa na wageni waliosubiri zamu, na haukupita muda akaona kwamba wengi waliokwisha kuzungumza na wapika chai hawakuhitaji tena kuonana naye. Februari 1954 akawakabidhi simu.

Afrika imelithibitisha hilo kwa vipimo. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa mwaka 2005 kwa sababu familia ilikosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Kuanzia hapo akawafundisha bibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, Harare, kusikiliza watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuta kwamba baada ya miezi sita, waliozungumza kwenye mabenchi hayo na bado wakawa na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100, na kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Benchi hilo limefika hata Zanzibar. Kenya, mpango wa Shamiri ulioanzishwa na Tom Osborn uliwapa kazi vijana waliotoka tu kumaliza sekondari: vipindi vinne vya saa moja na wanafunzi, juu ya kukua, shukrani na mambo wanayoyathamini. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wanafunzi 413, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Hakuna aliyeitwa mgonjwa. Hakuna aliyeandikwa kwenye daftari la nidhamu.

Walimu wakuu, nawaomba mambo mawili na sitaongeza la tatu. Mtenganisheni mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa unasihi, hata kama mna walimu saba tu. Na mwanafunzi wa bweni apate simu ya kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo hapa Tanzania, Kenya na Uganda, bila kumweleza patroni au matroni kwa nini anaitaka. Kumpokonya mtoto simu yake kisha kumnyima na hiyo ni kumfungia milango yote miwili.

Wazazi, mtoto akisema jambo la kutisha, dakika ya kwanza ndiyo itakayoamua kama atasema tena. Kaeni chini. Msipige simu kwa mtu yeyote mbele yake. Muulizeni wazi, kwa maneno yaleyale mnayoyaogopa: unafikiria kujiua? Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kuwa swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake, ondoeni karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mwende naye hospitali. Kabla ya kumwambia ndugu yeyote, mwambieni yeye kwanza ni nani atakayejua, na kwa nini.

Nimalizie na ninyi vijana mliokaa safu za nyuma. Mara nyingi anayepokea ujumbe wa kwanza si mwalimu, si mzazi, wala programu. Ni wewe wa kidato cha tatu, saa saba usiku, rafiki yako ameandika kwamba amechoka na kwamba usimwambie mtu. Umemwahidi. Kuanzia hapo hulali, unachungulia simu kila dakika uone kama bado yupo hewani, na umeanza kuamini kwamba akifa utakuwa umemuua wewe. Huo ni mzigo wa mtu mzima, hukupaswa kuubeba. Ahadi ya siri haishiki pale uhai ulipo hatarini, na hutakuwa msaliti ukiivunja. Endelea kumjibu. Muulize yuko wapi na yuko na nani. Huku unamjibu, nenda ukamwamshe mtu mzima, umwonyeshe ujumbe wenyewe. Akikwambia urudi kulala, hayo ni mambo ya watoto, mwamshe mwingine, na akikosekana piga 116. Endelea kuamsha watu mpaka apatikane atakayevaa viatu.